Chai ya kijani ni nzuri, lakini birika je?

Wagonjwa wengi wenye shinikizo la damu hunieleza kuwa wameacha chai ya maziwa na sukari, wakahamia chai ya kijani. Hilo halina ubaya, mradi dawa zisiachwe. Lakini ni nadra mtu kuniuliza aitie katika birika gani, na hapo ndipo penye hatari.

Shuka Gikomba hadi kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, utapata vyombo vya kila namna. Vile vilivyofuliwa kwa bati jipya la alumini sina ugomvi navyo sana. Ninavyovihofia ni vile vizito vya kusubu, vilivyomiminwa baada ya fundi kuyeyusha vyuma chakavu: vipande vya injini, redieta na kadhalika. Humo huingia madini ya risasi, na jicho haliwezi kuyaona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Zaidi ya thuluthi moja vilitoa risasi ya kutia wasiwasi vilipochemshiwa maji yenye ukali kama wa siki.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto, huharibu ubongo kimyakimya, bila homa wala maumivu. Kwa mtu mzima, hupandisha shinikizo la damu. Yaani unakunywa chai kwa ajili ya presha, kumbe birika linaiongeza!

Bahati nzuri, chai ya kijani haihitaji birika la kuwekwa motoni. Ukiichemsha pamoja na maji huwa chungu. Chemsha maji peke yake, epua, ngoja dakika chache yapoe kidogo, kisha uyamimine juu ya majani na uyaache dakika mbili au tatu. Kwa hiyo birika la kioo au la kauri latosha kabisa. Ukipenda la chuma, chukua lisiloshika kutu, au la enameli ambalo halijabanduka ndani. La udongo lenye rangi ya kung'aa, hasa kuukuu au lililopakwa michoro upande wa ndani, liache, kwani rangi hizo pia zaweza kuwa na risasi. Na ndimu ikamulie kikombeni, si birikani, maana ukali wake huyatoa madini upesi.

Kama tayari unalo la kusubu, panda maua ndani yake. Ikiwa limepikia watoto kwa miaka mingi, mwulize daktari kuhusu kupima risasi katika damu.

Kwa mama mjamzito au mwenye upungufu wa damu, chai hii isiandamane na chakula, kwa kuwa huzuia mwili kupata madini ya chuma. Acha ipite saa moja hivi baada ya kula.