Kuzimia Wakati wa Tendo la Ndoa: Daktari Aambiwe Nini?

Mtu akianguka sokoni, mashahidi ni wengi. Yupo aliyeona alivyoshika kifua, yupo aliyemsikia akisema anaona giza, yupo aliyekaa naye mpaka akazinduka. Akizimia chumbani katikati ya tendo la ndoa, shahidi ni mmoja tu, na mara nyingi huyo mmoja anaona haya. Wakifika kituo cha afya husema aliteleza bafuni. Mhudumu anapima malaria, anakagua kichwa kama kina jeraha, anawaruhusu warudi nyumbani. Habari iliyohitajika kuliko zote haikusemwa: alizimia wakati gani hasa?

Maswali yanayofuata huulizwa kwa kunong'ona, na wengine hawayaulizi kabisa.

Je, tendo la ndoa ni kazi kubwa kiasi cha kumwangusha mtu?

Kwa kawaida, hapana. Kwa mtu mwenye afya, nguvu inayotumika inakaribia ile ya kupanda ngazi za ghorofa mbili. Mapigo ya moyo ni nadra kuvuka 130 kwa dakika, na yakipanda hivyo ni kwa muda mfupi tu, karibu na kileleni. Kwa hiyo mtu anayelima au kubeba ndoo ya maji bila tatizo, kisha akazimia kitandani, asiridhike na jibu kwamba amechoka.

Kuzimia ni ubongo kukosa damu ya kutosha kwa muda mfupi. Damu ikikatika kwa sekunde sita hadi nane tu, fahamu hupotea. Chumbani zipo njia kadhaa za kufika hapo. Anayepumua kwa kasi sana hupoteza kabonidayoksaidi nyingi, na mishipa inayolisha ubongo hujikaza. Kichwa huwa chepesi, midomo na ncha za vidole hufa ganzi, pengine hata vidole vikajikunja. Anayebana pumzi na kujikaza hupunguza damu inayorudi moyoni. Maumivu, hofu au msisimko mkali huweza kuamsha neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi tumboni, na papo hapo moyo hupunguza mwendo huku mishipa ya damu ikilegea. Mwanamke anayeumia wakati wa tendo kwa sababu ya ukavu, maambukizi au makovu ya ukeketaji anaweza kuzimia kwa njia hii. Asiambiwe avumilie. Maumivu hayo yana tiba.

Chumba chenye joto, pombe, tumbo tupu, upungufu wa damu, au usiku wa Ramadhani ambao mtu amefuturu lakini hakunywa maji ya kutosha, vyote huurahisishia mwili kuanguka.

Kuna tofauti gani kati ya kuzimia wakati wa tendo na kuzimia baada yake?

Tofauti ni kubwa, na ningependa msomaji aishike hii hata akisahau mengine yote.

Chukua mtu aliyemaliza, akainuka ghafla kwenda kujisafisha, akaona giza na kushika ukuta. Huyo presha yake pengine imeshuka kwa sababu ya kusimama. Daktari atampima akiwa amelala, kisha akisimama ndani ya dakika 3. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi, sababu imeonekana. Maji ya kutosha, kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, na kupitia upya dawa anazotumia mara nyingi humaliza tatizo.

Aliyezimia angali amelala, moyo ukienda mbio, bila kichefuchefu wala jasho la kumwonya, hali yake ni nyingine kabisa. Kuzimia mwili ukiwa kazini ni dalili ambayo madaktari wa moyo hawaipuuzi. Huenda valvu inayopitisha damu kutoka moyoni kwenda mwilini imekuwa nyembamba, au misuli ya moyo imenenepa isivyo kawaida, au umeme wa moyo una hitilafu ya kuzaliwa nayo. Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kuwa macho. Homa ya rumatiki, ambayo hufuata maambukizi ya koo utotoni, bado inawaachia watu valvu mbovu, na wapo wanaoligundua hilo ukubwani. Kama kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana, hilo nalo lisemwe.

Mgonjwa wa namna hii anahitaji ECG, inayosoma umeme wa moyo, na ECHO, inayoonyesha valvu na misuli ikifanya kazi. Vipimo hivi hupatikana katika hospitali kubwa za rufaa. Kwa Dar es Salaam ipo pia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Sentensi inayofungua mlango wa vipimo hivyo ni fupi: "Nilizimia nikiwa kwenye tendo la ndoa, nimelala, kabla sijamaliza." Kama ulimi unakuwa mzito, iandike kwenye karatasi umkabidhi daktari. Mwenza naye aingie, kwa sababu aliyezimia hajui alikaa muda gani bila fahamu wala kama alibadilika rangi.

Kipo pia kizunguzungu cha chumba kuzunguka pale mtu anapogeuza kichwa au kubadili upande, kikatulia ndani ya dakika moja. Hicho mara nyingi hutoka kwenye sikio la ndani. Lakini maumivu makali ya kichwa yanayolipuka ghafla karibu na kileleni, kuliko yote uliyowahi kuyapata, yanaweza kuwa damu inayovuja kwenye ubongo. Nenda hospitali usiku huohuo.

Na dawa za kuongeza nguvu za kiume?

Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Sildenafili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa jina la Viagra, hupanua mishipa ya damu, na si ya sehemu moja tu ya mwili. Kwa wengi presha hushuka kidogo. Kwa anayetumia nitrati, dawa za maumivu ya kifua ambazo nyingine huwekwa chini ya ulimi, presha inaweza kuporomoka kiasi cha kuua. Aliyemeza sildenafili asipewe nitrati ndani ya saa 24. Aliyemeza tadalafili, dawa ya kundi hilohilo, saa 48. Baadhi ya dawa za presha na za tezi dume, kama tamsulosini, nazo huongeza kizunguzungu zikichanganywa na hizi.

Anayenunua unga, mizizi au asali ya "nguvu" akiamini ni vitu vya asili tupu hayuko salama zaidi. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imetoa tahadhari mara nyingi kuhusu bidhaa za aina hiyo, asali ikiwemo, ambazo zilipopimwa zilikutwa na sildenafili au tadalafili isiyoandikwa popote. Mume akimeza kwa siri, mke hana la kumwambia daktari mume akiletwa amezimia. Bwana, mwambie mkeo umemeza nini. Aibu ya dakika moja haifanani na yanayoweza kukukuta.

Zipo pia dawa za kisukari: anayetumia insulini au glibenklamidi akumbuke kwamba tendo la ndoa hutumia sukari kama mazoezi mengine. Jasho jingi, kutetemeka na kuchanganyikiwa, sukari ikiwa chini ya 4 mmol/L, ni dalili za kuhitaji kitu kitamu mara moja.

Mwanamke aangalie nini zaidi?

Tumbo. Kizunguzungu au kuzimia pamoja na maumivu ya chini ya kitovu, hasa upande mmoja, kwa mwanamke aliyekosa hedhi, kuchukuliwe kuwa ni mimba iliyotunga nje ya kizazi hadi vipimo vikanushe. Hata asiye mjamzito anaweza kupasukiwa na uvimbe wa maji kwenye ovari wakati wa tendo, damu ikavujia ndani. Damu hiyo haionekani kwenye shuka, kwa hiyo msisubiri kuiona. Mjamzito aliyevuka wiki 20 asilale chali kwa muda mrefu, kwani kizazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, alale ubavu.

Wapo wanaosema kuzimia huku ni kazi ya jini mahaba. Simkejeli anayeamini hivyo, na dua haikatazwi. Ila nimwombe apime moyo, presha, sukari na damu kwanza, kwa sababu magonjwa niliyoyataja hayasubiri.

Mwenza akizimia, nifanye nini?

Mlaze chali, inua miguu yake, fungua dirisha. Usimkalishe, usimmwagie maji, usimtie kitu mdomoni. Aliyezimia kwa kawaida hurejewa na fahamu ndani ya dakika moja au mbili. Kujitikisa kidogo kwa sekunde chache hakumaanishi kifafa. Akipumua lakini haamki, mgeuze alale ubavu na tafuta gari la hospitali. Degedege likizidi dakika 5, au akiwa na maumivu ya kifua, tafuta gari la hospitali pia. Asipopumua, ita msaada na uanze kubonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha. Na kama mko nyumba ya wageni, usikimbie. Piga kelele watu waje.

Lini turudi kwenye tendo?

Kama ilikuwa presha ya kusimama au kupumua kwa kasi, mnaweza kurudi mara mgonjwa anapojisikia vizuri, kwa mwendo wa taratibu. Aliyezimia katikati ya tendo asubiri majibu ya ECG na ECHO. Aliyepona shambulio la moyo amwulize daktari wake. Kipimo kimoja wanachokitumia madaktari ni kupanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu ya kifua wala kuishiwa pumzi. Akishindwa ngazi, bado mapema.