Gundi au Glia? Tatizo la Istilahi za Vipokezi vya Ubongo

1.0 Utangulizi
Makala hii inajadili suala moja la uundaji wa istilahi: je, kinachopaswa kutafsiriwa ni maana ya asili ya neno la kigeni, au ni dhana inayobebwa na neno hilo leo? Mfano wetu ni seli za glia za ubongo. Watumiaji tunaowalenga ni walimu na waganga wa Ngara na Biharamulo, ambako Kiswahili hutumika sambamba na Kihangaza, Kishubi na Kizinza.

2.0 Dhana
Mwaka 1856 Rudolf Virchow alizipa seli hizo jina lenye asili ya Kigiriki, kwa maana ya gundi, akiamini kuwa zinashikanisha tu seli za neva. Utafiti wa baadaye umebainisha kwamba astrosaiti na mikroglia, ambazo ni aina mbili za glia, zina vipokezi vya asetilikolini. Kwa hiyo hupokea ujumbe na kuuitikia. Aidha, mamalia hawalingani: jeni la CHRFAM7A, lenye sehemu ya jeni la kipokezi cha alfa-7, lipo kwa binadamu pekee. Matokeo ya panya hayahamishiki kwa mtu bila tahadhari.

3.0 Uchanganuzi
Istilahi "seligundi" ingeeleweka upesi, lakini ingehifadhi dhana iliyokwisha kupitwa. Neno "glia" halijielezi, ila halipotoshi. Kwa upande mwingine, "kipokezi" hakihitaji mkopo: pokea huzaa kipokezi kama nyoa inavyozaa kinyozi, ambapo /z/ ni athari ya /l/ ya kale iliyodondoshwa katika kitenzi.

Ugumu zaidi umo katika "mshipa", neno linalotaja njia ya damu na pia neva. Umutsi wa Kirundi, lugha iliyo jirani sana na Kihangaza, una upana kama huo. Tuchukue mkulima wa kahawa wa Ngara aliyedhuriwa na dawa ya wadudu ya jamii ya oganofosfeti. Kimeng'enya kinachovunja asetilikolini kimezuiwa, nayo inalundikana kwenye vipokezi. Akiambiwa kuwa sumu "imeshika mishipa", yamkini atafikiri ni damu inayohitaji kusafishwa, akachelewa kufika hospitali kupata atropini, dawa inayoziba baadhi ya vipokezi hivyo.

4.0 Hitimisho
Tunapendekeza kutohoa "glia" na "asetilikolini", kuunda "kipokezi" kwa mofimu zetu, na kutenga "neva" na "mshipa". Uwazi wa istilahi ni sifa njema pale tu unapoonyesha dhana iliyo sahihi.