Kujihadhari na Maradhi Yatokayo kwa Wanyama: Je, ni Upungufu wa Tawakali?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Katika darsa yetu hapa Kakamega limeulizwa swali ambalo twajua kuwa huko Pwani nako lazungumzwa barazani. Muulizaji alisema: Muislamu anayejitenga na mgonjwa, au anayekataa kumwosha maiti kwa mikono mitupu kwa kuogopa maradhi, je, imani yake si pungufu? Akaleta hoja kwamba Mtume (S.A.W.) amesema hakuna kuambukizana, na kwamba ajali ya mtu haitangulii wala haichelewi.

Swali hili si dogo, kwani jawabu lake laweza kuokoa nyumba nzima au kuiangamiza. Basi tutaeleza kwanza yaliyotokea karibu yetu, kisha tuyapime kwa sheria.

KHABARI ZA PANGO LA KITUM

Kaskazini ya Kakamega uko mlima Elgon, na katika mlima huo liko pango liitwalo Kitum. Ndovu huliingia usiku kulamba chumvi ya mawe, na ndani yake wanalala popo wala matunda. Mwaka wa 1980 mtu mmoja aliyelizuru pango hilo alishikwa na homa kali, akatokwa na damu, akafia Nairobi. Tabibu aliyejitahidi kumwokoa akaugua baada ya siku 9, lakini Mwenyezi Mungu akamponya. Mwaka wa 1987 kijana wa miaka 15 aliyelizuru pango lilo hilo akapatwa na maradhi hayo naye akafa.

Maradhi yenyewe huitwa Marburg, kwa jina la mji wa Ujerumani. Yalijulikana mara ya kwanza mwaka wa 1967, walipougua watu 31 huko Marburg, Frankfurt na Belgrade, wakafa 7. Wa kwanza kuugua walikuwa wafanyakazi walioshika tumbili walioletwa kutoka Uganda. Kwa miaka mingi wataalamu hawakujua makao ya virusi hivyo. Wakaingia mapangoni, wakawakamata popo, wakachukua damu na vipande vya viungo, wakavipima. Virusi vikapatikana kwa popo wa machimbo ya Kitaka, Uganda, ambako wachimbaji waliugua mwaka wa 2007. Na katika mwaka uo huo alama zake zikapatikana kwa popo wa Kitum. Popo huyo hubeba virusi bila ya kuonekana kuugua. Binadamu akigusana na mate yake, mkojo wake au kinyesi chake, yeye ndiye hupatwa na balaa.

Walio tayari kusema kuwa haya ni mambo ya zamani na wasikie ya mwaka wa 2017. Katika wilaya ya Kween, upande wa Uganda wa mlima huu huu, mwindaji aliyeishi karibu na pango la popo aliugua akafa. Dada yake aliyemuuguza na kuhudhuria mazishi yake akafa. Ndugu yao mwengine akafa. Mwindaji alipatwa porini. Hao wawili walipatwa kwa sababu ya huruma yao na udugu wao. Hapa ndipo penye mazingatio, kwani ndugu wa Kiislamu pia hutenda vivyo hivyo kwa mgonjwa wao na maiti wao.

POPO WASIUAWE OVYO

Wengine wakisikia haya husema: basi popo wote na wauawe. Watu wa Kitaka walifanya hivyo. Waliwaua na kuwafukuza popo wa machimbo yao. Baadaye popo wakarudi, na mwaka wa 2012 maradhi yakazuka tena katika wilaya ya Ibanda. Watafiti walipowapima popo wapya waliona kuwa wenye virusi wamezidi maradufu kuliko wale wa kwanza. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Kitabu chake kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Popo hueneza mbegu za miti, na msitu wa Kakamega hauwezi kusimama bila ya viumbe kama hao. Dawa ni kuwaacha katika makao yao: tusiingie mapangoni bila ya haja, tusile tunda lililotafunwa na popo, na wachimbaji wa dhahabu wa huku kwetu wasishuke katika mashimo yenye popo bila ya kinga.

SHERIA YASEMAJE?

Ama hadithi ya kukanusha kuambukizana, ni sahihi. Lakini yule yule aliyeisema ndiye aliyeamrisha kumkimbia mwenye ukoma kama mtu amkimbiavyo simba, na ndiye aliyekataza ngamia wagonjwa kuchanganywa na wazima. Je, maneno ya Mtume yapingana? Hasha! Wanavyuoni wameeleza kwamba lililokanushwa ni itikadi ya watu wa Jahiliya, walioamini kuwa maradhi huambukiza kwa nguvu yake yenyewe bila ya amri ya Mungu. Kuwa Mwenyezi Mungu ameweka sababu, na kwamba kumkaribia mgonjwa huweza kuwa moja katika sababu hizo, hilo halikukanushwa.

Sayyidna Umar (R.A.) aliposafiri kwenda Sham, akafika Sargh, aliambiwa kuwa tauni imeingia huko. Akashauriana na Masahaba, akaazimu kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, na Umar akamjibu kuwa wanaikimbia kadari kwenda kwenye kadari nyengine. Ndipo Abdurrahman bin Auf akawapa hadithi: nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyomo asitoke kwa kuikimbia. Katika tauni hiyo ya Amwas, mwaka wa 18 wa Hijra, Abu Ubayda na Muadh bin Jabal walifariki. Na imepokewa katika tarekhe kwamba Amr bin al-As aliwatawanya watu milimani mpaka ikaondoka. Ni nani kati yetu atakayedai kuwa tawakali yake yaishinda ya Umar?

MGONJWA, MAITI NA MNYAMA

Kutokana na hayo twasema mambo matatu.

La kwanza, mgonjwa mwenye homa kali na dalili za kutokwa na damu apelekwe hospitali upesi, wala asifichwe nyumbani kwa kudhaniwa kuwa amerogwa au ameingiliwa na jini. Rwanda ilipopatwa na Marburg mwaka wa 2024 waliugua watu 66, wakafa 15. Wengi wakapona kwa kupata matibabu mapema. Mgonjwa na aombewe dua, lakini kumgusa na kuachiwe wenye vifaa.

La pili, maiti. Mwenye kufa kwa tauni hupata daraja ya shahidi huko Akhera, lakini hukumu yake hapa duniani ni kuoshwa na kusaliwa. Hata hivyo, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kwamba ikiogopewa madhara kwa mwoshaji, maiti hutayamamishwa. Na ikiwa hata hilo haliwezekani, wapo wanavyuoni walioruhusu asaliwe hivyo hivyo. Basi wataalamu wa tiba wakizuia kuoshwa, wasituhumiwe kuwa wanaivunja dini. Dini ndiyo iliyowapa nafasi.

La tatu, mifugo. Homa ya Bonde la Ufa, iliyojulikana Naivasha mwaka wa 1931, huzuka baada ya mvua nyingi. Mwaka wa 2006 na 2007 iliua zaidi ya watu 100 nchini Kenya, na Garissa ni miongoni mwa pahali palipopigwa vibaya. Huenezwa na mbu, na pia kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa. Mwenye kumwahi mnyama mgonjwa kwa kisu ili nyama isipotee, kisha akaiuza kwa ndugu zake, hata kama amesoma Bismillahi, amewadhuru Waislamu, na Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru. Idd ya kuchinja na itukumbushe hayo. Na maziwa yachemshwe.

KHATIMA

Ndugu zetu wa Pwani wasiseme kuwa haya ni ya Bara. Mwaka wa 2018 katika milima ya Taita alipatikana popo mwenye virusi vya jamii ya Ebola viitwavyo Bombali. Haijajulikana kuwa vimemdhuru binadamu yeyote, nasi hatutaki kumtisha mtu. Lakini mtu huziba ufa kabla ukuta haujaanguka.

Jawabu letu basi ni hili: anayejihadhari kwa ilimu hakupungukiwa na imani. Aliyepungukiwa ni yule anayeuacha mlango wazi, kisha akamsingizia Mola wake mwizi alipoingia. Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe afya na atuonyeshe haki.

Wa billahi taufiq.