Mfanyakazi Mjamzito: Haki, Istilahi na Wajibu Wetu

Wahenga walinena kuwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sheria haimtaki mwajiri aujue uchungu huo, inamtaka autambue. Makala haya yanaangazia kwa ufupi haki za mfanyakazi mjamzito nchini Kenya na nafasi ya Kiswahili katika kuzifikisha kwake.

Chini ya Sheria ya Ajira ya 1976, mama alipata likizo ya uzazi ya miezi miwili kwa malipo kamili, ila alipoteza likizo yake ya mwaka huo. Yaani, kujifungua kulihesabiwa kuwa mapumziko. Sheria ya Ajira ya 2007 iliondoa kasoro hiyo. Kifungu cha 29 kinampa miezi mitatu kwa mshahara kamili, bila kupoteza likizo ya mwaka, pamoja na haki ya kurejea katika kazi yake au nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyopungua yale ya awali. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya ujauzito, nacho cha 46 kinasema kuwa ujauzito si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Katiba ya 2010, katika ibara ya 27, inasisitiza msimamo huo. Aidha, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri alinde afya ya kila mfanyakazi. Kwa hivyo, mjamzito anayeomba kuketi badala ya kusimama kutwa haombi hisani.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Neno 'likizo' hubeba dhana ya starehe, na wapo waajiri wanaolitamka kana kwamba wanatoa zawadi. Isitoshe, mikataba mingi huandikwa kwa Kiingereza. Je, mchumaji wa maua asiyeielewa lugha hiyo atadai vipi asichokijua? Kifungu cha 9 kinajibu: mfanyakazi asiyeielewa lugha ya mkataba lazima aelezwe masharti yake kwa lugha anayoielewa. Kwa wengi nchini, lugha hiyo ni Kiswahili.

Basi, wanafunzi wenzangu, tafsiri ya sheria si zoezi la darasani tu. Istilahi tunayoisanifu leo yaweza kuwa ngao ya mama kesho. Haki isiyoeleweka ni sawa na haki isiyokuwapo.