Mkimbizi na Mkimbiaji

SOMO LA FAMILIA
Kusoma: Waebrania 12:1-3 na 1 Wakorintho 9:24-27. Someni kwanza pamoja, halafu mrudi hapa.



Siku moja baada ya ibada, mama mmoja wa kanisa letu hapa Ruziba alitushika mkono akatuuliza swali. Alfajiri alikuwa amemwona kijana wetu wa kwaya akikimbia peke yake kwenye barabara ya Rumonge, jasho likimtiririka, na nyuma yake hakuna mtu. Akasema, "Huyu mtoto anamkimbia nani?"

Tulicheka, lakini swali lile lilitukaa moyoni. Katika kanisa letu wamo waliovuka mpaka kutoka Kivu usiku. Wamo waliokusanywa katika kambi za Bujumbura Rural mwaka 1999 na 2000. Wamo ambao maji ya ziwa yaliingia nyumbani kwao Gatumba. Kwa watu kama sisi, mtu akikimbia lazima kuna kinachomfukuza.

Kiswahili kina maneno mawili yaliyotoka tumbo moja: mkimbizi na mkimbiaji. Mkimbizi hakuchagua siku ya kuondoka, wala njia, wala umbali. Hakuna aliyesimama kando ya barabara kumwambia kwamba zimebaki kilometa 12. Mkimbiaji anajua mwisho uko wapi, naye amejiwekea saa ya kufika. Mwandishi wa Waebrania anasema juu ya mashindano yaliyowekwa mbele yetu, na hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo leo. Je, mtu aliyekimbia kwa kulazimishwa anaweza kujifunza kukimbia kwa kutaka?

Tunaye mfano wa karibu. Diane Nukuri ni binti wa Burundi. Baba yake aliuawa katika vita. Mwaka 2000, akiwa na miaka 15 tu, alibeba bendera ya nchi yetu katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney. Mwaka uliofuata alikwenda Kanada kwa Michezo ya Francophonie, na michezo ilipokwisha hakurudi. Aliomba hifadhi. Baadaye alisoma Marekani, katika Chuo Kikuu cha Iowa, akaendelea kukimbia. Mwaka 2012 alibeba tena bendera ya Burundi, safari hii London, akakimbia marathoni kwa saa 2:30:13. Ilikuwa rekodi ya taifa, ingawa alikuwa wa 31 katika mashindano yale.

Miaka mitatu baadaye alirudi London kwa marathoni ya mji ule, akamaliza kwa 2:27:50. Ilikuwa tarehe 26 Aprili 2015. Wengi wetu tunaikumbuka tarehe hiyo kwa sababu nyingine kabisa, maana siku hiyo hiyo maandamano yalianza Bujumbura, na jioni familia nyingi zilikuwa zikihesabu watoto na kufunga mizigo.

Tofauti kati ya 2:30:13 na 2:27:50 ni dakika 2 na sekunde 23. Mtu anaweza kusema, dakika mbili ni nini? Hata wali haujaiva. Lakini marathoni ni kilometa 42 na mita 195. Gawanya dakika hizo mbili na ushei kwa umbali wote, utapata sekunde tatu na nusu hivi kwa kila kilometa. Sekunde tatu na nusu unaweza kuziokoa kwenye kilometa moja bila shida, hata mbili. Kazi ni kuziokoa katika kila kilometa, mara 42, na nyingine za mwisho ukiwa na miguu isiyokusikia tena. Nukuri alihitaji miaka mitatu.

Hapa tueleze jambo ambalo wengi hawalijui, nasi tulilijua kwa kumfuata yule kijana wetu kwa baiskeli. Mwili una akiba ya sukari katika misuli na katika ini. Ukikimbia kwa nguvu, unaila akiba hiyo. Kwa watu wengi huanza kuisha kati ya kilometa ya 30 na ya 35, na hapo mwili unalazimika kutegemea zaidi mafuta yake, ambayo yapo mengi lakini yanaungua polepole. Wakimbiaji wanasema wamegonga ukuta. Miguu inakuwa kama magogo, na kichwa kinaanza kuleta maneno: acha, kaa chini, nani alikutuma? Aliyeanza kwa kasi kupita kiasi anaufikia ukuta huo mapema, kwa sababu sukari alikwisha kuichoma asubuhi alipokuwa akijisikia vizuri.

Kijana wetu alikuwa amejiwekea saa tatu na nusu. Kwa nini saa tatu na nusu? Tulimwuliza. Alisema kwamba tangu afike hapa, kila kitu katika maisha yake kinapangwa na mtu mwingine: siku ya kuhesabiwa, siku ya karatasi, siku ya chakula, siku ya kuitwa au kutoitwa. Alitaka namba moja ambayo ni yake. Tuseme ukweli, baadhi yetu wazee tuliona ni mchezo. Mzee mmoja alimwambia nguvu hizo azipeleke shambani. Kijana hakujibu, na shambani alikwenda pia.

Hakuna marathoni inayoanzia Ruziba, basi tulimpimia njia kwa pikipiki ya shemasi: kuelekea kusini, kupita Mugere penye jiwe la Livingstone na Stanley, halafu kugeuka na kurudi. Mara ya kwanza alianza saa kumi na moja alfajiri. Ziwa lilikuwa limetulia na hewa ilikuwa baridi, akakimbia kama swala. Kilometa ya 30 aliipita kwa saa 2 na dakika 24, yaani chini ya dakika tano kwa kila kilometa. Sisi kwenye baiskeli tulikuwa tukipiga makofi. Wajinga sisi. Jua la Bujumbura lilipanda, na katika kilometa ya 33 alianza kutembea. Alifika kanisani kwa saa 3 na dakika 47, akalala chini ya mwembe, mama yake akimmwagia maji kichwani na kutukemea sisi sote.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mbio kwa sababu waliziona kwa macho. Karibu na mji wao kulikuwa na michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani, ambalo lilinyauka. Marathoni haikuwapo wakati ule. Ya kwanza ilikimbiwa Athens mwaka 1896, na umbali wa kilometa 42.195 ulitoka London mwaka 1908. Lakini angalieni mstari wa 25 hadi wa 27. Paulo hazungumzi hasa juu ya siku ya mashindano. Anazungumza juu ya kujizuia na kuutia mwili nidhamu, na hayo yote hutangulia siku yenyewe, wakati hakuna anayepiga makofi.

Kijana wetu alirudi kwenye mazoezi. Kila juma alikimbia mara moja mbali sana, akiongeza kidogo kidogo mpaka kilometa 32, na siku nyingine alikimbia fupi na polepole. Jambo lililomshinda zaidi lilikuwa kupumzika. Majuma mawili ya mwisho mkimbiaji anatakiwa kupunguza mazoezi ili mwili ujaze akiba, na yeye alikuwa akitoroka kwenda kukimbia kama mwingine anavyotoroka kwenda kunywa. Alijifunza pia kunywa maji kabla ya kiu, na kula ndizi njiani. Dada mmoja alimtengenezea maji ya sukari na chumvi kidogo, akayaweka katika chupa kila baada ya kilometa tano, na watoto walizilinda chupa hizo (si zote zilifika salama, watoto nao wanapenda sukari).

Mara ya pili alikuwa na hesabu yake kwenye karatasi aliyoifunga mkononi: dakika tano kwa kila kilometa. Tano mara 42 ni dakika 210, yaani saa tatu na nusu kamili. Alikwenda sawasawa kama saa ya ukutani. Ukuta ulikuja kwenye kilometa ya 34, akaupita huku analia. Alipofika kilometa ya 42 saa ilionyesha 3:29:55, akainua mikono. Lakini mwisho ulikuwa bado mita 195. Alikuwa amezisahau! Kwa mwendo wake, mita 195 zinataka karibu dakika nzima. Akamaliza kwa 3:30:52.

Hapo ndipo tulipoona moyo wa mtu. Hakulala chini ya mwembe. Alikaa kwenye ngazi ya kanisa akiitazama ile karatasi. Sisi tulimwambia sekunde 52 si kitu, umefanya vizuri, Mungu ameona. Maneno mema, lakini hayakuwa yale aliyoyahitaji. Ni yule mama wa swali la kwanza aliyekwenda kukaa karibu naye. Alimwambia kwamba yeye alipokimbia kutoka kwao alidhani mpaka ulikuwa kwenye mto, na kumbe mpaka ulikuwa mbele ya mto, saa mbili za kutembea, na mtoto mgongoni. Akamwambia, "Nami nilikaa chini kama wewe. Halafu nikasimama." Hakuongeza neno.

Kuna wakubwa waliopata jambo kama hilo. Eliud Kipchoge wa Kenya alitaka kukimbia marathoni chini ya saa mbili, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya. Mwezi Mei 2017 alijaribu huko Monza, Italia, akamaliza kwa 2:00:25. Alikosa kwa sekunde 26, na hiyo ni nusu sekunde na kidogo kwa kila kilometa. Alisubiri miaka miwili na zaidi. Tarehe 12 Oktoba 2019 huko Vienna, huku wakimbiaji wenzake wakipokezana kumkata upepo, alimaliza kwa 1:59:40. Kwa sababu ya msaada huo haikuandikwa kama rekodi rasmi ya dunia. Tunawataja wenzake kwa makusudi. Hata mtu mwenye mbio kuliko wote alihitaji kuzungukwa, na Waebrania 12 inaanza na wingu la mashahidi kabla haijafika kwenye mbio.

Tena msidhani kila mbio ni za saa. John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akaumia vibaya goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda zaidi ya saa moja kabla Akhwari hajaingia uwanjani, gizani, mguu umefungwa bandeji. Saa yake ilikuwa 3:25:27, na watu wanalikumbuka jina lake hata leo. Lakini tusimtumie Akhwari kumwambia kijana kwamba namba yake haina maana. Akhwari alikuwa ameumia. Kijana wetu hakuumia, alikosea hesabu, na kosa la hesabu linasahihishwa.

Nyumbani mnaweza kuulizana hivi: ni jambo gani katika familia yetu tuliliacha kwenye mita 195 za mwisho? Masomo ya nani, deni la nani, msamaha wa nani? Wazazi wasijibu kwanza. Waacheni watoto waseme, na msiwakatize.

Mara ya tatu aliandika karatasi mpya: dakika 4 na sekunde 58. Sekunde mbili tu pungufu kwa kila kilometa, nazo zilitosha kulipa zile mita 195 na chenji ikabaki. Kilometa ya 30 aliipita kwa 2:29, dakika tano nzima nyuma ya ile mara ya kwanza aliyotufanya tupige makofi. Safari hii hatukupiga. Tulimpa chupa tukanyamaza. Kwenye ya 36 alianza kuyumba, na mmoja wetu akashuka kwenye baiskeli akakimbia kando yake kwa viatu vya ibada mpaka pumzi ikamwishia. Kilometa ya 40: 3:18:50. Pale kwenye kona watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wamesimama pande mbili za barabara, na mzee wa shamba alikuwa katikati yao, ameshika saa ya mkononi ya mkewe.

3:29:17.

Alikaa kwenye ngazi ileile. Mama yake alimletea uji, akaunywa wote. Kisha akauliza kama maji yamerudi bombani, akachukua bidoni mbili za njano, akaondoka akichechemea.