Mali Ina Maswali Mawili: Somo Kutokana na Maisha ya Jim Simons



Ndugu zangu wanafunzi, sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo:

Jina la Jim Simons linatajwa sana katika hosteli zetu siku hizi. Wanaouza mafunzo ya biashara ya sarafu mtandaoni humfanya ushahidi kwamba ukijua hesabu kidogo na ukiwa na simu nzuri, utajiri umeshaufikia. Kwa kuwa nasomea takwimu, wenzangu wengi wameniuliza kama ni kweli. Nimeona tulifanye swali hili kuwa somo letu la toleo hili.

Msingi wa somo tunaujua tangu madrasa. Tumefundishwa kwamba Siku ya Kiyama mja ataulizwa juu ya umri wake na elimu yake, na kila kimoja kina swali moja. Mali peke yake ina maswali mawili: umeichuma wapi, na umeitumia katika nini. Tuyapitishe maisha ya mtu huyu katika maswali hayo.

Alikuwa nani?

James Simons alizaliwa mwaka 1938 katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Alipata shahada ya kwanza ya hisabati MIT akiwa na miaka 20, na udaktari katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1961 akiwa na miaka 23. Alifundisha, kisha mwaka 1964 akaajiriwa katika taasisi ya utafiti iliyofungua maandishi ya siri kwa ajili ya serikali. Huko alipinga hadharani vita vya Vietnam, akafukuzwa kazi. Mwaka 1968 akawa mkuu wa idara ya hisabati katika chuo cha Stony Brook, New York.

Mwaka 1974 yeye na Shiing-Shen Chern walichapisha kazi ya jiometri ambayo wanafizikia wanaitumia hadi leo, na mwaka 1976 alitunukiwa tuzo ya Veblen. Zingatieni jambo hili: kabla hajaitwa tajiri alikwishakuwa mwanachuoni mkubwa wa fani yake.

Alichumaje?

Mwaka 1978, akiwa na miaka 40, aliacha chuo akafungua ofisi ndogo ya biashara ya fedha karibu na Stony Brook. Kampuni hiyo baadaye iliitwa Renaissance Technologies, na mwaka 1988 ikaanzisha mfuko wa Medallion. Mfuko wa namna hii huitwa hejifandi. Hukusanya fedha za watu wachache wenye uwezo mkubwa, hununua na kuuza hisa, sarafu na bidhaa, na meneja hulipwa asilimia ya mtaji kila mwaka pamoja na sehemu ya faida.

Simons hakuajiri wachumi wa soko. Aliajiri wanahisabati, wanafizikia na wataalamu wa kompyuta, wakiwemo waliofanyia kazi utambuzi wa sauti katika kampuni ya IBM. Walikusanya bei za miaka mingi iliyopita, wakazisafisha, wakatafuta ndani yake mienendo midogo inayojirudia. Kompyuta ndiyo iliyoamua kununua na kuuza. Kila biashara ilikuwa na faida ndogo sana, na walipatia kwa zaidi kidogo tu ya nusu ya safari. Lakini ukirudia jambo hilo mamilioni ya mara, tofauti ndogo huwa mlima. Kwa hesabu alizochapisha mwandishi Gregory Zuckerman mwaka 2019, Medallion ilipata wastani wa asilimia 66 kwa mwaka kati ya 1988 na 2018 kabla ya kutoa ada, na asilimia 39 baada ya ada.

Sasa tuwajibu wale wauza mafunzo. Kwanza, Simons alianza kwa kubahatisha kama wengine, na ilimchukua zaidi ya miaka 10 kupata njia iliyotulia. Pili, mwaka 1993 mfuko ulifungwa kwa wawekezaji wapya wa nje, na baadaye ukabaki kuwa wa wafanyakazi wenyewe. Mwenye kisima chenye maji kweli hapiti mlango kwa mlango akiwauzia watu ramani yake. Tatu, kampuni hiyohiyo ina mifuko mingine iliyo wazi kwa watu wa nje, na mwaka 2020 mifuko hiyo ilipata hasara ilhali Medallion ilipata faida kubwa. Ikiwa wao wenyewe hawawezi kuirudia kazi yao kwa fedha za wengine, je, kijana mwenye simu na ada ya muhula ataweza? Wanapofaidika wao, kuna anayepoteza upande wa pili wa biashara, na mara nyingi ni yule aliyeingia bila elimu.

Swali la kwanza: ilitoka wapi?

Hapa Muislamu hawezi kupita haraka. Mfuko huu ulikopa fedha nyingi kuliko mtaji wake, na mkopo wa benki kubwa za dunia ni mkopo wa riba. Aidha, mifuko ya aina hii huuza hisa ilizoazima kwa kutarajia bei ishuke, na sisi tumekatazwa kuuza tusichokimiliki. Ilitumia pia mikataba ya haki ya kununua au kuuza, ambayo Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha saba mjini Jeddah mwaka 1992, lilitamka kuwa haijuzu.

Kuna jambo jingine ambalo hata sheria za nchi yake zililihoji. Medallion hununua na kuuza kwa muda mfupi sana, na faida ya muda mfupi hutozwa kodi kubwa zaidi kule. Kupitia mikataba na benki, faida hiyo ilihesabiwa kama ya muda mrefu. Kamati ya Seneti ya Marekani iliichunguza mwaka 2014, na mwaka 2021 Simons na wenzake wakakubali kulipa kodi na adhabu zilizoripotiwa kufikia takriban dola bilioni 7.

Swali la pili: ilikwenda wapi?

Uadilifu unatutaka tuseme na upande huu. Mwaka 1994 yeye na mkewe Marilyn walianzisha taasisi ya kusaidia utafiti wa hisabati na sayansi. Mwaka 2004 alianzisha Math for America, inayowaongezea kipato walimu bora wa hisabati na sayansi ili wasiache kufundisha. Mwaka 2023 taasisi yao iliahidi dola milioni 500 kwa chuo cha Stony Brook. Alifiwa na watoto wawili wa kiume, mmoja akigongwa na gari akiwa kwenye baiskeli mwaka 1996, mwingine akizama majini mwaka 2003. Kwa jina la huyu wa pili, Nick, aliyewahi kufanya kazi Nepal, familia ilianzisha taasisi ya kuinua huduma za afya vijijini nchini humo. Simons alifariki Mei 2024, na jarida la Forbes lilikadiria mali yake kuwa takriban dola bilioni 31.

Tuchukue nini?

Wapo wanaoshika swali la pili peke yake: "Acha nichume kwa njia yoyote, nitajenga msikiti." Kutoa kwingi hakulifuti swali la kwanza, kila moja lina jibu lake. Na wapo wanaoishia swali la kwanza, wakadharau kila alichofanya mtu huyu. Nao wanakosa, kwani hekima ni haki ya Muislamu popote aipatapo.

Tuchukue subira yake katika elimu, heshima yake kwa walimu, na ujasiri wa kusema neno aliloliamini hata likamgharimu kazi. Njia ya kuchuma tuiache pale dini yetu inapotuwekea mpaka. Anayetaka kuwekeza aanze kwa kuuliza wenye elimu ya fiqhi ya biashara, na kamwe asiguse ada. Jirani yangu mmoja hosteli aliiweka ada ya muhula katika kikundi cha mtandaoni kilichomwahidi kuizidisha mara mbili. Aliahirisha masomo mwaka mzima, na mama yake aliyeuza ng'ombe kuipata bado hajui.

Maswali ya kujadiliana kwenye darasa

1. Je, mtu aliyechuma kwa njia ya haramu kisha akatubu, aifanyie nini mali iliyobaki mkononi mwake?
2. Kuna tofauti gani kati ya kununua hisa ya kampuni halali na kubashiri bei ya sarafu kwa fedha za mkopo?
3. Jumuiya yetu inaweza kufanya nini ili mwanafunzi mwenye dhiki ya ada asikimbilie vikundi vya mtandaoni?

Allah atujaalie riziki ya halali, atubarikie ndani yake, na atuwezeshe kuyajibu maswali yote mawili. Amin. Wabillahi tawfiq.