Kwa Nini Picha Zako Zinakataliwa Mtandaoni, na Unachoweza Kurekebisha

Umepiga picha safi ya jua likizama nyuma ya vilima vya Lodwar. Marafiki wameisifu. Unaipeleka Shutterstock au Adobe Stock, kampuni zinazouza picha kwa wenye matangazo, magazeti na tovuti duniani kote, halafu jibu linarudi: imekataliwa. Wengi huacha hapo wakidhani simu yao ndiyo mbaya. Mara nyingi shida si simu.

Tuanze na yale mepesi. Kampuni hizi mbili hazipokei picha iliyo chini ya megapikseli 4. Simu nyingi za siku hizi zinapita hapo, lakini ukijitumia picha kwa WhatsApp ili uifungue kwenye kompyuta ya saiba, inabanwa na kufika ikiwa ndogo. Tumia kebo. Usivute picha kwa vidole ili ionekane karibu, sogea wewe mwenyewe. Halafu kuna jua letu: saa sita mchana mchanga unakuwa mweupe pe na uso wa mtu unabaki kivuli kitupu. Piga asubuhi mapema au baada ya saa kumi jioni, na ufute lenzi kila mara, maana vumbi la Turkana halina huruma.

Nembo nazo huangusha picha nyingi. Turubai lenye jina la UNHCR, jezi ya timu, mtungi wenye chapa ya mafuta ya kupikia: vikionekana, picha hiyo haiwezi kuuzwa kwa matangazo.

Sasa tuje kwa watu, na hapa ndipo tunataka ukae kidogo. Mtu akitambulika kwenye picha ya matangazo, ni lazima kuwe na fomu ya idhini aliyotia sahihi, ile inayoitwa "model release". Mtoto hutiwa sahihi na mzazi au mlezi. Usimpe mtu karatasi tu, mweleze kwa lugha anayoielewa, iwe Kiturkana, Kisomali au Kiarabu, kwamba uso wake unaweza kutokea kwenye tangazo la dawa au la benki katika nchi ambayo hamtawahi kufika. Mama anayeuza samaki akikubali kupigwa picha, hajakubali hayo yote. Na ukimtumia shilingi 200 za shukrani kwa simu, ujumbe wa muamala unathibitisha kwamba umelipa. Hauthibitishi kwamba amekubali.

Kakuma mambo ni mazito zaidi. Kambi hiyo imekuwapo tangu 1992, na wapo wanaoishi pale kwa sababu kuna mtu nyumbani anawatafuta. Picha moja yenye jina la mahali inaweza kumwonyesha njia. Uliza kwanza ofisi ya Idara ya Huduma za Wakimbizi, kisha umuulize mwenyewe, na akikataa, yaishe. Kusema kweli, picha ya mikono inayosuka kikapu cha majani ya mkoma inaweza kuuzika vizuri bila uso wa mtu yeyote.

Picha za habari hupita njia nyingine, iliyoandikwa "Editorial". Shutterstock wanataka maelezo yaanze na mji, nchi na tarehe, kisha kinachofanyika, kwa Kiingereza. Ukiandika tu kwamba ni Afrika, hakuna atakayeipata. Kama ni mzee amekalia ekicholong, taja jina hilo, na uongeze kwamba ni kigoda ambacho pia ni mto wa kulalia kichwa. Na ukipiga picha kumi zinazofanana, tuma mbili tu.

Kuhusu pesa, Adobe Stock hukuruhusu kutoa ukifikisha dola 25, na PayPal imeunganishwa na M-Pesa Kenya tangu 2018. Hakikisha jina la akaunti ni lile lile la kitambulisho chako na la laini yako. Kujiunga na kampuni zote mbili ni bure. Akitokea mtu wa kukuomba "ada ya kukubaliwa picha" au PIN yako, huyo hanunui picha. Kata simu.